Hita Isiyoguswa na Maji

Mama alininunulia hita ya maji nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka nafikisha arobaini na moja hakuna tone la maji lililokuwa limeingia ndani yake. Ilikaa sebuleni, kwenye boksi lake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na maua ya plastiki. Wageni walikuwa wakiegemeza viwiko hapo. Sisi wenye nyumba tulioga maji ya sufuria.

Msinicheke mimi peke yangu. Nani hapa Iskandaria hamjui mama aliyeanza kumkusanyia binti vyombo vya ndoa tangu binti mwenyewe hajaota meno ya ukubwa? Chini ya kitanda changu kulikuwa na seti mbili za sufuria, glasi za sharubati zilizofungwa magazeti, mashine ya kusaga nyama, na mabunda mengine ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau yana nini. Hita haikuingia chini ya kitanda chochote, kwa hiyo ikapewa sebule. Vyote hivyo vilikuwa vya Ibtihal, na Ibtihal ndiye mimi, na ole wake Ibtihal aguse hata kimoja.

Kuichagua kulimchukua mama miezi mitatu. Mama yangu, Hajati Insaf, hakusoma sana, lakini kwa hita angeweza kufundisha chuo. Alizunguka madukani na tochi na kioo chake kidogo cha poda, akawa anachungulia ndani ya matangi kutafuta ufa kwenye tabaka la kioo linalozuia kutu. Aliuliza unene wa koili ya kuchemsha maji. Aliuliza kama valvu ya usalama ni ya shaba au imepakwa tu rangi ya shaba. Wauzaji wakawa wakimwona kwa mbali wanaingia stoo. Zilipobaki hita mbili, zote za lita hamsini, alimlazimisha muuzaji azipeleke kwa jirani yake mwuza unga zikapimwe kwenye mizani.

"Maji ni yaleyale," alisema. "Iliyo nzito ndiyo yenye chuma. Hiyo nyepesi mpe unayemchukia."

Muuzaji alimwapia kwamba ile nzito itadumu miaka ishirini. Mama akamwambia miaka ishirini ni ya nani, yeye anataka itakayoogesha wajukuu. Wajukuu ambao mama yao alikuwa bado anafanya mtihani wa mwisho wa shule.

Halafu ikaja habari ya matunzo. Kijitabu cha hita kilisema ihudumiwe kila mwaka, na mama ni mtu wa kufuata maandishi. Basi kila Novemba, kabla dhoruba ya baridi tunayoiita Ufagio haijaanza kupiga madirisha, fundi Gharib alipanda ghorofa nne na mkoba wake, akavua viatu mlangoni, akaondoa maua na kitambaa, akaifungua hita ambayo haijawahi kufanya kazi, akaihudumia. Alitafuta magamba ya chokaa chini ya tangi, hakuyakuta. Alikagua koili, inang'aa. Mwisho alichomoa fimbo ya magnesiamu, ile inayokubali kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, akaikuta nzima.

"Mashaallah, Hajati," alisema kila mwaka. "Kama imetoka kiwandani leo asubuhi."

"Badilisha."

"Lakini haijaliwa hata kidogo."

"Kitabu kimesema ibadilishwe. Wewe na kitabu nani anajua zaidi?"

Gharib akabadilisha, akanywa chai, akala keki ya basbusa vipande viwili, akashuka. Alianza kazi hiyo akiwa na nywele nyeusi tele. Sasa anavaa kofia.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wanafunzi wangu wananiogopa kwa kiasi ninachokitaka. Nina balkoni inayopata jua la asubuhi, nina marafiki wawili wasioboa, na Ijumaa natembea ufukweni hadi miguu inichoke. Sikula kiapo cha kutoolewa. Walionitaka sikuwataka, niliowataka hawakuja, na maisha yakaendelea vizuri tu bila wao. Tatizo lilikuwa kwamba nyumbani nilihesabiwa kuwa niko njiani. Nikitaka kitanda kipya, mama anauliza cha nini, si unaondoka. Nikitaka kabati la vitabu, la nini, si unaondoka. Miaka ishirini na miwili nikawa naondoka. Nilichotaka duniani ni kitu kimoja, mama akubali kwamba nimeshafika, kwamba hapa ndipo ninapoishi. Na nilijua kukubali huko kumefungiwa ndani ya boksi lile, maana siku hita hiyo itakapotundikwa kwenye bafu letu, mama atakuwa ametamka kwamba siendi popote.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa baridi, baba aliteleza na sufuria ya maji ya moto akitoka nayo jikoni, akaungua mguu. Baba, Mzee Shauki, alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye tramu, na ana miaka sabini na minane. Alipokuwa kitandani na bandeji nilimwambia mama sasa tuitundike hita.

"Unataka nife?" mama akasema. "Watu waseme Insaf amemkatia tamaa binti yake?"

"Baba ameungua, mama."

"Ameungua kwa sababu hatazami anapokanyaga. Miaka arobaini ndani ya tramu na bado hajajua kushika kitu akasimama."

"Nasikia," baba alisema kutoka chumbani.

"Sikia."

Basi tununue nyingine, nikasema, ndogo tu, ya kutumia. Hilo nalo alilikataa. Nyumba yenye hita mbili, moja ya kuoga na moja ya kutazama, alisema, ni nyumba ya vichaa. Akamnunulia baba sufuria yenye mishikio mirefu zaidi.

Mambo yakawa hivyo mpaka alipotokea Muhandisi Wagdi. Shangazi yangu ndiye aliyemleta. Alikuwa mgane wa miaka hamsini na mitatu, anafanya kazi kituo cha kusukuma maji, ana nyumba yake, nadhifu, suruali imepigwa pasi hadi mstari unakata. Alikuja na dada yake, Bi Nadra, na katoni ya vitamu. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza nafundisha nini, nikamwambia, akasema jiografia ni muhimu. Kisha kiwiko chake kikagusa boksi.

"Samahani," akasema. "Humu mna nini?"

Mama alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Akamweleza. Tochi, kioo cha poda, mizani ya mwuza unga, fundi Gharib, fimbo. Wagdi aliweka kikombe chini taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya biskuti, hakuna aliyechukua.

"Hizi hawatengenezi tena," Wagdi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Chuma cha siku hizi ni karatasi, Hajati. Mimi nyumbani kwangu nimezika hita nne kwa miaka kumi. Nne. Maji ya Iskandaria yana chumvi, yanazitafuna. Naruhusiwa kuiona?"

Ikaonwa. Aliigonga kwa kidole, akatega sikio, akaigonga tena upande wa pili. Alinusa mpira wa kuzibia mdomo wa tangi. Dada yake alinipigia jicho la kuniomba radhi, na mimi nikala biskuti.

Alikuja tena wiki iliyofuata, na nyingine tena. Mara ya pili alileta mafuta laini ya kupaka kwenye skrubu zake. Mara ya tatu alileta vipimo vya ukuta wa bafu lake, vimechorwa kwa rula, na mahali pake pametiwa rangi. Nilimwuliza mimi nitakaa wapi kwenye mchoro huo. Alidhani namtania kwa mapenzi, akatabasamu na kunionyesha mlango wa bafu kwenye karatasi.

"Anatania," mama aliniambia jikoni baada ya wao kuondoka. "Mwanamume anayetunza vitu atamtunza na mtu."

"Mama, huyu anaoa tangi."

"Na wewe uko ndani ya mpango. Unataka nini tena, akuandikie mashairi?"

Alhamisi ya kuandika orodha ikapangwa. Kwetu vyombo vya bibi harusi vinaandikwa kimoja kimoja kwenye karatasi, na bwana harusi anatia saini kwamba ni vya mkewe. Wagdi alisema hana shida na hilo. Kwenye karatasi itakuwa yangu, alisema, ukutani itakuwa yetu.

Jumatano baba aliniita balkoni. Mguu wake ulikuwa umepona lakini ngozi yake ilibaki nyembamba, na baridi ikipiga inamuuma.

"Wewe unamtaka huyu mtu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Baba, hajui rangi ya macho yangu. Kipenyo cha bomba anakijua."

Baba akavuta mlango wa balkoni nyuma yetu. "Kesho asubuhi mama yako anakwenda sokoni halafu saluni," akasema. "Nimeshampigia simu Gharib."

Nikambusu mkono. Sikuwahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mama akitoka tu, Gharib apande, hita itoke kwenye boksi iende bafuni, itundikwe, ijazwe maji, na adhuhuri iwe imekwisha. Ndani ya boksi tuliweka atlasi za shule thelathini na mbili na nusu gunia la mchele, tukarudisha kitambaa na maua. Gharib aligongagonga kuta za bafu akatikisa kichwa. Matofali yetu ni matupu katikati. Hita hii ikijaa inakaribia kilo mia, alisema, ukitia skrubu za kawaida itamwangukia mtu kichwani akiwa na sabuni machoni. Ukuta mmoja tu ulikuwa wa kuaminika, ule wa upande wa sebule, na hata huo ulihitaji bolti ndefu za kupita hadi upande wa pili, zikazwe kwa nati na vipande vya chuma huko.

"Upande wa pili ndiyo wapi?" baba aliuliza.

"Juu ya kochi la wageni."

Tukatazamana. Baba akasema toboa. Gharib akachomeka drili, na umeme ukakatika.

Ulikatika saa nne asubuhi. Mama alirudi saa saba, nywele zimechomwa vizuri, na umeme bado. Gharib alikuwa ndani ya bafu na hita na hana pa kutokea, kwa sababu mlango wa nje unaonekana kutoka jikoni. Baba akajifungia naye. Mama alipogonga, baba akasema tumbo linamsokota.

"Siku zote ni leo tu?" mama alisema. "Umekula nini?"

"Maharage ya fuli."

"Ngoja nikupe bizari." Akampitishia kikombe kwenye upenyo wa mlango. Baada ya nusu saa baba akaomba chai, vikombe viwili. Mama akaniambia yule mzee ameanza kuchanganyikiwa, anakunywa viwili viwili chooni.

Wagdi na Bi Nadra walifika saa kumi kamili. Umeme ulirudi saa kumi na dakika tano. Nilikuwa nikipita na trei ya sharubati, nikasikia baba ananong'ona mlangoni mwa bafu.

"Umerudi. Gharib anauliza tuendelee au tuache?"

"Wako kwenye kochi, baba."

"Ndiyo maana anauliza."

Nilikuwa bado naogopa, lazima niseme ukweli. Kumwaibisha mama mbele ya wageni si jambo dogo, na mama yangu si mtu mbaya. Nikaingia sebuleni na trei yangu. Mama alikuwa amevaa miwani, karatasi mapajani, kalamu mkononi, na Wagdi amekaa wima chini ya ukuta, mkono wake juu ya boksi.

"Namba moja, hita," mama alisoma.

"Kabla hatujaandika, Hajati," Wagdi alisema, "nikuulize jambo kwa heshima. Uniambie mbele ya Mungu. Haijaguswa na maji kamwe?"

"Kamwe. Hata kwa kujaribiwa."

"Haijawahi kufungwa kwa mtu mwingine ikarudishwa?"

"Muhandisi, hii imekulia machoni pangu. Haijatoka nje ya sebule hii."

"Basi tuandike mpya kabisa." Akameza mate kwa raha. "Na bibi harusi, anajua kupika?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mwenyewe, mzima, na sharubati yake mkononi. Hasira iliyonipanda ilikuwa ya miaka ishirini na miwili, na haikuwa na kelele hata kidogo. Nikaweka trei mezani, nikatoka, nikagonga bafuni.

"Toboa," nikasema.

Nikarudi nikakaa kuangalia ukuta. Kwanza kulikuja mngurumo, Bi Nadra akauliza kama jirani anajenga. Kisha rangi ikavimba kidogo, ikapasuka, na ncha ya drili ikatoka kiganja kimoja juu ya sikio la Muhandisi Wagdi, ikizunguka. Vumbi lilidondoka kwenye sharubati yake. Ncha ikarudi ndani. Ikatoka tena, safari hii juu ya kichwa cha Bi Nadra, naye akainama akahamia kwenye kiti.

Wagdi alilitazama tundu kwa makini.

"Milimita kumi na mbili," alisema. "Huyu anatundika kitu kizito."

Mama alikuwa amesimama. Akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akafungua boksi. Alitoa atlasi moja, akaitazama jalada, akatoa nyingine. Wagdi akaona, na rangi ikamtoka usoni. Akaondoka mbio hadi bafuni akagonga mlango kwa ngumi.

"Kuna mtu," baba akajibu.

Mlango ulipofunguliwa, bafu letu ambalo halimtoshi mmoja lilikuwa na baba amekaa juu ya choo na shuka mabegani, Gharib na drili yake, na hita katikati yao juu ya stuli, nyeupe, bila nguo yake ya karatasi. Wagdi aliingia pia. Nilidhani atapiga mtu. Lakini bolti zilikuwa zimeshapitishwa ukutani, Gharib na baba walikuwa wameanza kuinyanyua, baba anatetemeka, na Wagdi hakuweza kuvumilia.

"Mnaishikaje hivyo?" alisema. "Kutoka chini, jamani, kutoka chini. Mzee, kaa." Akavua koti, akaikumbatia hita, akaipandisha mwenyewe hadi kwenye bolti. Akakimbia sebuleni akakaza nati kwa mikono yake, akarudi akaweka pima-maji juu yake kuona kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka. Akabaki ameshika ukuta, anahema.

Gharib akaunga mabomba na nyaya, pamoja na waya wa kwenda ardhini, na Wagdi akimpa spana moja baada ya nyingine kama mtu aliyelala. Mpaka Gharib alipoweka mkono kwenye koki ya maji.

"Hapana," Wagdi alisema. "Ngojeni. Sikilizeni, bado haijaharibika kitu. Imetundikwa tu. Nitaishusha mwenyewe, nitaifuta, itaandikwa mpya. Matundu ya ukuta nitalipia. Lakini maji yakiingia, basi. Maji yakishaingia haiwi mpya tena." Kisha akanigeukia mimi, nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama kweli. "Tafadhali, Mwalimu Ibtihal. Sema nao."

Mama alikuwa mlangoni nyuma yangu. Hakusema fungua, hakusema usifungue.

Nikapita katikati yao, nikamsukuma Gharib kwa bega, nikaifungua koki mpaka mwisho.

Maji yakaanza kuingia. Sote tuliyasikia, kwanza yakigonga chuma kitupu, kisha yakiwa na sauti nzito zaidi. Wagdi akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Alisikiliza mpaka akaridhika kwamba haivuji, maana mtu ni mtu wa kazi yake hata akiwa na msiba, halafu akavaa koti.

"Ingeniogesha maisha yangu yote," aliniambia.

"Ndivyo ulivyotaka."

"Ndivyo," akakubali, bila hila yoyote, na karibu nimwonee huruma. Bi Nadra alinishika mkono mlangoni akasema hongera, sijui kwa lipi. Ila vitamu vyao waliondoka navyo.

Nilimkuta mama sebuleni, amekaa mbele ya boksi lililo wazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa kiatu. Alikuwa amekunja ile karatasi ya orodha mara nyingi hadi imekuwa ndogo.

"Umefurahi?"

"Hapana, mama."

"Mtu mwenye kazi yake. Mwenye nyumba. Angekutunza."

"Angeitunza hita."

Akafuta vumbi la ukuta kwenye goti lake.

"Mimi ninaondoka, Ibtihal," akasema. "Mimi na baba yako. Leo, kesho, mwaka kesho. Nikuache na nani?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kulisema hilo. Alisema watu wataonaje, alisema wajukuu, alisema majirani. Nikajiona mjinga kwa kutolijua, na nikamwonea uchungu mama yangu, aliyeogea kopo miaka ishirini na miwili akilinda joto langu la kesho.

"Uniache hapa," nikamwambia. "Nyumbani kwangu, na vitu vyangu. Na kabla hujaniacha, uoge maji ya moto."

"Kwako," akasema.

"Kwangu."

Gharib akachungulia, kofia mkononi. "Tangi limejaa, Hajati. Maji yanatoka bombani bila hewa. Sasa ndiyo linawashwa, si kabla, koili ingeungua. Niwashe?"

Mama akavaa miwani yake tena. "Fimbo uliyotia ni mpya?"

Gharib akatazama vidole vya miguu yake. "Hajati, leo nikuambie ukweli. Ni fimbo mbili tu tangu mwanzo. Moja ikiwa ndani, nyingine iko mkobani mwangu. Nazibadilishana. Kitu kizima nitakitupaje?"

"Na basbusa zangu zote ulizokula?"

"Nilikula kwa haki. Kufungua nilifungua."

Mama akavua miwani.

"Washa," akasema.

Taa nyekundu ikawaka. Tulikaa kuitazama saa nzima, sisi wanne, tumejipanga kwenye korido, na Gharib akasema kwamba digrii sitini zinatosha, ukizidisha unaila hita bure. Ilipozimika mama alisema lazima yeye atangulie, aone tulivyoiharibu. Akajifungia.

Maji yalianza. Tulingoja. Yakaendelea. Baba alikuwa kwenye kiti na taulo lake kuukuu shingoni.

"Anaimaliza," alisema. "Lita hamsini zina mwisho."

"Mwache, baba."

Hatimaye yakakoma. Mlango ukafunguka kidogo, mvuke ukatoka, na mkono wa mama ukatoka kwenye mvuke, mwekundu hadi kiwikoni.

"Ibtihal. Taulo."

Nikampa lake la kila siku. Mkono ukalirudisha.

"Siyo hili gunia. Lete yale yako. Ya waridi, bunda la nyuma kabisa, karibu na ukuta."

"Yale ya..."

"Yale yale. Kata kamba."

Nikaenda chumbani nikalala kifudifudi chini ya kitanda, nikavuta sufuria, nikavuta glasi, mpaka nikalifikia. Nilikata kamba kwa mkasi. Mikunjo ya mataulo ilikuwa imekauka hivyo hivyo ilivyokunjwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na nilipojaribu kuinyoosha haikunyooka, na nikalia palepale sakafuni bila kuona haya.

"Lete matatu," mama aliita kutoka bafuni. "Moja langu, moja la baba yako. La tatu litundike msumarini humu, lizoee ukuta."

Nikayachukua matatu nikaenda.